Banda limekamilika, mbegu ndiyo inanichanganya: layers, broila, Sasso, kroila au kienyeji?

Mkonge (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nipo Mlandizi, Pwani. Banda limekwisha: mita 5 kwa 10, tofali kozi nne kisha wavu, bati juu, sakafu ya saruji. Nyuma kuna uwanja kama robo ekari, umezungushiwa michongoma ingawa haijaziba vizuri. Fedha iliyobaki inatosha vifaranga 200 na chakula chao cha miezi miwili.

Sasa kila ninayemuuliza ana kuku wake. Fundi aliyenijengea anafuga broila, ananiambia wiki tano fedha mkononi. Mama mkwe hataki kusikia habari ya kuku asiyeatamia. Muuza vifaranga wa pale stendi ndiye kamaliza kabisa: chotara wake, yaani Sasso na kroila, "anataga kama layers, ananenepa kama broila na haugui". Nikamuuliza, mbona basi watu bado wananunua layers? Akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Mimi ni mwajiriwa, natoka saa 11 alfajiri narudi usiku. Kuna kijana anashinda nyumbani, mwaminifu ila hajawahi kufuga. Lengo ni mayai ya kuuza, nyama iwe nyongeza. Naombeni hesabu jamani, "inalipa sana" nimeshaisikia ya kutosha.

Chips Mayai

Natandika mkeka hapa. Mimi ni mnunuzi, nitakuja kusema ya upande wetu.

Trei Thelathini

Dada Mkonge, anza na mfuko wa chakula wa kilo 50, ndipo uje kwenye mbegu.

Chukua layers 100 wa kahawia. Iwe Isa Brown, Lohmann Brown, Hy-Line au Bovans, wamepishana kidogo mno, usikose usingizi kwa hilo. Kuku mkubwa anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Weka 120. Kuku 100 ni kilo 12 kwa siku, mfuko unakatika siku ya nne. Wakitaga asilimia 85, na kundi lililolelewa vizuri linakaa hapo kwa miezi mingi, siku nne ni mayai 340. Trei 11 na mayai kumi ya kukaanga nyumbani.

Yaani kila mfuko unageuka trei 11. Nenda dukani hapo Mlandizi, uliza bei ya mfuko wa chakula cha kutagia, gawa kwa 11. Hiyo ndiyo gharama ya chakula kwa trei moja. Dawa, maranda, maji, mshahara wa kijana na kifaranga mwenyewe bado havimo. Ukiona jibu limeshakaribia bei ya jumla ya trei, usifuge, nunua mayai uuze.

Njoo kwa chotara uliyemfungia ndani. Mwili wake mkubwa, anakula gramu 130 hadi 140, na usipompimia anapitiliza. Kundi la 100 linamaliza mfuko kwa siku tatu na nusu na ushee. Akitaga asilimia 50, mfuko uleule unakupa trei 6. Muuza vifaranga wa stendi hesabu hii anaijua, ndiyo maana alicheka.

Lakini layers nao wana mtego wao na wewe umeshauelekea. Kutoka kifaranga mpaka yai la kwanza, wiki ya 18 hadi 20, kuku mmoja amekula kama kilo 7. Vifaranga 200 ni kilo 1,400, mifuko 28, hujauza hata yai. Miezi miwili ya kwanza wanakula kama kilo mbili kila mmoja, mifuko 8. Hiyo ndiyo fedha uliyonayo. Mifuko 20 itatoka wapi? Hapo ndipo watu wanapoanza kupunguzia na pumba tupu mwezi wa tatu. Kuku wanadumaa, wanachelewa kutaga, wakitaga ni mayai ya njiwa, kisha unafunguliwa uzi humu kwamba Isa Brown ni mbegu mbovu.

Mzee wa Wiki Tano

Trei Thelathini, heshima yako, ila unatisha watu. Huyu dada fedha yake haimtoshi kusubiri miezi mitano, kwa nini asianze na broila? Cobb 500 au Ross 308, anakula kilo 3.3 hivi mpaka afike kilo 2, na hapo ni wiki ya tano kuingia ya sita. Kuku 200 ni mifuko 13. Akianza na 100 ni mifuko 7 hata haifiki. Anauza, anarudisha, anaweka wengine. Mzunguko wa tatu ana fedha ya kulea layers.

Trei Thelathini

Mzee wangu, mnunuzi akikuambia "njoo wiki ijayo", unafanyaje? Broila wa wiki ya sita anakula kama gramu 180 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 36, robo tatu ya mfuko kila siku inayopita. Yai nikikosa mnunuzi leo, naliweka mahali pa baridi nauza Jumamosi.

Mzee wa Wiki Tano

Ndiyo maana unatafuta mnunuzi kabla ya kifaranga. Mimi siagizi vifaranga sijaongea na wachoma kuku na mama lishe wangu. Na hawa wana kipimo chao: wengi wanataka kuku wa kilo moja na robo akishachinjwa, ukimlea akawa bonge hawamtaki, bei yake inawavuruga kwenye sahani.

Dada, kwa ukanda wenu kuna jambo la joto, hilo nalikubali. Januari na Februari Pwani broila wa wiki ya tano anakufa saa nane mchana huku ameshiba. Mwili mzito, manyoya tele, tumbo linasaga chakula, joto halina pa kutokea. Utamwona ametanua mabawa, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka, ukirudi baada ya muda amelala chali. Miezi hiyo tunaondoa chakula saa nne asubuhi, tunarudisha jioni jua likipoa, maji ya baridi wakati wote, na tunavuna mapema wakiwa na kilo moja na nusu. Kijana asiyewahi kufuga, na mwenye kuku yupo ofisini… hapo sijui.

Jogoo la Shamba

Nimesoma hesabu ya chotara "uliyemfungia ndani" nikatabasamu. Kroila alitengenezwa India kwa ajili ya mwanakijiji ambaye kuku wake wanajitafutia uani. Ukimchukua ukamfungia, ukamlisha mfuko asubuhi na jioni, halafu ukamlinganisha na Isa Brown, unategemea nini?

Mimi nipo Kilosa. Wakishamaliza wiki sita nawafungulia. Wanapata mchwa, majani, mabaki ya mpunga, funza wa samadi. Mfuko unabaki kuwa kiasi cha nusu ya mahitaji yao. Hapo trei 6 za jirani yako zinageuka 11 au 12, sawa na za layers, na mnunuzi wangu ananilipa bei ya yai la kienyeji.

Na kuna jambo ambalo Trei Thelathini hakuligusa. Layers unauziwa majike matupu. Chotara unauziwa mchanganyiko, karibu nusu ni majogoo. Wageni wanalalamika, mimi nafurahi. Jogoo la kroila la miezi minne nusu huria halikosi kilo mbili na nusu, na baa hawaulizi lina cheti gani, wanataka limesimama na lina miguu minene. Majogoo yanauzwa, fedha ile inawalisha matetea mpaka watage.

Mkonge

Jogoo la Shamba, hapo umenigusa, uwanja ninao. Ila robo ekari kwa kuku 200 inatosha?

Jogoo la Shamba

Haitoshi. Wiki tatu tu utakuwa na uwanja wa mpira, jani hakuna. Kwa robo ekari usipite 50 au 60, tena ugawe pande mbili wapishane. Na hiyo michongoma izibe kwanza, vicheche wa huko Ruvu nawasikia mpaka huku.

Dokta wa Kata

Ninafanya kazi ya mifugo ngazi ya kata, naomba kuongeza machache.

Kwanza, kwa nini hakuna kuku anayeshinda pande zote mbili. Chakula kinachoingia kinatunza mwili kwanza, kinachozidi ndicho kinachogeuka yai au nyama. Tetea la layers lina kilo mbili au pungufu, matunzo yake madogo, kinachobaki kingi kinakwenda kwenye yai. Tetea lenye kilo tatu linalipia kilo tatu kila siku, litage lisitage. Halafu waliochagua wazazi wa broila vizazi kwa vizazi walikuwa wanachagua ulafi na kukua haraka. Kuku wa namna hiyo akila atakavyo anajaza mafuta tumboni na kutaga kunavurugika. Ndiyo maana kampuni zinazozalisha mbegu zina mistari miwili ya uzazi iliyo tofauti kabisa, mmoja wa mayai na mwingine wa nyama. Ingewezekana kuiunganisha, wangekuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Sasso ya Ufaransa na Kuroiler ya India, ndiyo kroila yetu, zipo katikati. Zina nafasi yake, na hapa nchini zimejaribiwa: mradi wa kuboresha kuku Afrika, ACGG, ulioratibiwa na ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo), pamoja na TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania) na SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine), uliwapelekea wafugaji wa vijijini Sasso na Kuroiler kuona wanafanyaje mikononi mwa mfugaji wa kawaida. Mlengwa alikuwa kaya ya kijijini, wala si banda la mjini lenye mfuko. Jogoo la Shamba yuko sahihi kwa hilo.

Pili, chotara hao wasiwe mbegu ya kuendeleza. Kifaranga unayemnunua ni mchanganyiko wa mistari kadhaa iliyopangwa. Ukichukua mayai yake ukayatotolesha, watoto wanatoka kila mmoja na lake: huyu mkubwa, huyu kibonge asiyetaga, huyu amerudi ukienyeji. Nawaona sana, mtu ana mashine ya kutotolesha, anauza "kroila" waliozaliwa na kroila wake, na mnunuzi analipa bei ya kizazi cha kwanza.

Tatu, "haugui" hiyo, hapana. Kideri hakichagui pasipoti. Chanjo ni hizi: siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro (ugonjwa unaovunja kinga ya vifaranga), siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 Gumboro tena, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8 kwenye ngozi ya bawa, kisha kideri kila miezi mitatu. Chanjo ya Marek (ugonjwa wa kupooza na uvimbe) lazima iwe imechomwa siku ya kwanza huko huko kiwandani, muulize muuzaji kabla hujatoa fedha.

Chips Mayai

Sasa na mimi. Kijiweni kwangu hakuna aliyewahi kuniuliza yai limetoka kwa kuku gani. Nataka yai kubwa, gamba lisilopasuka kwenye bodaboda, bei isiyopanda kila Ijumaa. Yai la layers lina gramu 60 na kuendelea, la kienyeji 40 na kitu. Nikitumia la kienyeji, mteja ananiuliza chips mayai au chips tu?

Mnunuzi wa yai la kienyeji ni mama mwenye mtoto, mtu aliyeambiwa na mtu, au duka la mjini lenye rafu za vioo. Analipa vizuri lakini ananunua matano, kumi. Mkonge, ukichagua kuku wa mayai ya kienyeji jua unachagua pia kuzunguka na kikapu. Na wewe unatoka saa 11 alfajiri.

Halafu wafugaji wa layers, kuna lalamiko: kiini cheupe! Wateja wananiambia mayai ya kisasa hayana kitu.

Trei Thelathini

Kiini ni chakula, kuku hana kosa. Sisi tunalisha mahindi meupe, hayana rangi ya kukipa kiini. Nchi zinazolisha mahindi ya njano layers walewale wanatoa kiini kama embe. Mtupie kuku mchicha, majani ya lusina (mti wa malisho) yaliyokaushwa kidogo kwenye mchanganyiko, au tafuta mahindi ya njano, wiki mbili tu utaona. Kienyeji kiini chake ni cha njano kwa sababu anashinda kwenye majani. Mfungie umlishe pumba, utaona kiini chake.

Mimi wateja wa aina hiyo nawawekea matembele kila jioni. Muda wa kubishana nao sina.

Mnyamwezi Halisi

Mnazungumza Ufaransa, India, Marekani, kama vile sisi hatuna kuku. Nipo Tabora. Kuchi mmemsahau? Jogoo la Kuchi likisimama mlangoni mtoto hapiti. Shingo ndefu, miguu mirefu, kifua kipana, nyama yake ngumu kwa mpishi mvivu lakini supu yake watu wanaifuata mbali. Tuna Singamagazi pia, mwekundu kama jina lake. Na Pwani mna Kishingo, manyoya hana shingoni, joto linamtoka kirahisi. Mnamdharau bure.

Dokta wa Kata

Mzee Mnyamwezi, hakuna aliyewadharau. Ila mleta uzi anataka mayai. Kuchi anatoa umbo, mayai ni machache. Kienyeji wa kawaida anataga kumi mpaka kumi na tano, anaatamia siku 21, analea, anarudi tena, mizunguko mitatu kwa mwaka. Jumla mayai 30 hadi 45. Huyo ni kuku wa kuzaa kuku wengine, yai lake kuliuza trei ni hasara. Lakini kwa mtu mwenye eneo, jogoo la Kuchi juu ya matetea kumi ya kienyeji yaliyochaguliwa ni mpango mzuri kuliko chotara wengi: watoto wanakuwa wakubwa, mama anaatamia mwenyewe, hununui kifaranga tena. Sharti jogoo libadilishwe kila mwaka lisije likapanda binti zake.

Mnyamwezi Halisi

Hapo sasa tumeelewana dokta.

Mwanakwetu

Niko Nakuru, nawasoma kila siku. Huku kwetu KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, pale Naivasha wana kienyeji walioboreshwa, bado watu huwaita kuku wa KARI, jina la zamani la taasisi. Hutaga vizuri kuliko kienyeji wa kawaida na hula vya uani. Kuna Kenbro wa kampuni ya Kenchic kwa nyama na mayai, na Rainbow Rooster naye yuko. Mzozo ni huu huu mlio nao: mtu hununua kuku wa uani, humfungia, kisha hulia bei ya chakula. Mkitaka vifaranga wa KARI nitawaelekeza.

Dokta wa Kata

Ndugu yetu asante, ila wana uzi tafadhali msijaribu. Vifaranga kuvuka mpaka bila kibali ni kosa, sababu ni homa ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto. Mjadala wa kama ilikuwa sahihi kuvichoma vile tuuache kwa nyuzi nyingine, lakini fedha ya mtu iliondoka siku hiyo.

Mwanakwetu

Nakumbuka. Tulilia nao.

Binti Ruvu

Mkonge, kuhusu muuza vifaranga wa stendi, soma hii. Mwaka juzi wakala mmoja, simtaji, aliniletea boksi la "chotara wa nyama". Wote weupe wa njano, wazuri, wachangamfu. Wiki ya nane kuku wembamba kama nyenje, wanaruka ukuta. Wiki ya kumi na mbili wote wanawika. Boksi zima! Sikupata tetea hata moja.

Dokta wa Kata

Ulipewa madume ya layers. Ngoja niseme hili kwa kirefu maana linaumiza wengi.

Layers wa kahawia wametengenezwa ili jinsia ijulikane kwa rangi siku ya kutotolewa. Majike wana rangi ya kahawia, wengine na mistari mgongoni, madume ni meupe wa njano. Mtotoleshaji anabaki na madume yasiyotaga wala kunenepa, ni mali ya bei ya kutupa. Mjanja anayachukua, anayaita chotara au hata broila. Kwa hiyo ukinunua layers, fungua boksi pale pale, wote wawe kahawia. Ukinunua kroila, utegemee rangi mchanganyiko, weusi, wenye mistari, kahawia, kijivu, kwenye boksi moja. Boksi la "kroila" lenye rangi moja ya njano, funga, rudisha. Broila yeye ni njano pia, lakini mshike: miguu minene, kifua kipana, kwenye kiganja anajaa. Dume la layers lina miguu kama njiti.

Kama muuzaji hataki ufungue boksi, umeshapata jibu.

Mama Tumaini

Naomba kuuliza pembeni kidogo, hawa weusi wanaoitwa Malawi vipi? Nimeambiwa wanataga kila siku.

Dokta wa Kata

Hao ni Black Australorp, asili yao Australia. Wameitwa Malawi kwa sababu serikali ya Malawi imewazalisha na kuwagawa vijijini miaka mingi kutoka kituo chao cha Mikolongwe. Sifa ya kutaga wanayo: tetea moja la Australia liliwahi kutaga mayai 364 kwa siku 365. Kuku mmoja, mwaka mmoja, karne iliyopita, usiweke kwenye mpango wako wa biashara. Wanaofika kwetu wengi wamechanganywa sana, lakini kwa nyumbani ni kuku wazuri, watulivu, wana nyama, na anayetunza mbegu safi anaweza kuiendeleza mwenyewe, tofauti na kroila.

Mkonge

Wakuu nimesoma yote mara mbili na kikokotoo pembeni. Nilikwenda pia kwa wauza mayai wa jumla wawili hapa Mlandizi na mmoja Kibaha. Wote wanataka trei za yai kubwa, hakuna aliyeniuliza kienyeji. Kwa hiyo soko langu ni la Chips Mayai.

Mpango: layers, ila nashusha idadi kutoka 200 mpaka 80. Kwa kilo 7 kila mmoja ni kilo 560, mifuko 11 na kidogo. Mifuko 8 ninayo, na fedha ya vifaranga 120 ambavyo sivinunui inajazia iliyobaki. Uwanjani nilitaka niweke kienyeji wa mama mkwe 15 na jogoo la Kuchi ili na nyama iwepo. Banda la mita za mraba 50 kwa kuku 80 najua ni kubwa, nitaligawa kwa maturubai.

Trei Thelathini

Sasa unaongea. Kuku 80 wakitaga asilimia 85 ni mayai 68 kwa siku, trei mbili na mayai nane. Kijana atajifunza hapo, na makosa ya kuku 80 yanabebeka. Kundi la pili ukiwa na uzoefu weka 150, lakini sehemu ya peke yake, usichanganye umri.

Zingatia mwezi wa tatu na wa nne. Kila mtu anapenda vifaranga na kila mtu anapenda mayai, ule wa katikati ndio unaachwa. Pima uzito wa kuku kumi kila wiki, wasiwe kila mara wale wale wa mbele kwenye chombo, ulinganishe na kitabu cha mbegu uliyonunua. Na chokaa usianze kuwapa nyingi kabla hawajakaribia kutaga.

Mzee wa Wiki Tano

Na mimi sijakasirika. Akitaka broila 50 za sikukuu aniite.

Dokta wa Kata

Mkonge, layers sawa. Ila hao kienyeji wa mama mkwe wasije. Kuku anayezurura anabeba kideri, minyoo na viroboto akiwa amesimama mzima, layers wako wakipata ndani ya wiki unahesabu mizoga. Uwanja na banda vimeshikana, kijana ni yule yule, viatu vilevile. Ukitaka Kuchi, wafugwe kwa mama mkwe huko huko, uwapelekee chanjo. Ile ya kideri inayoitwa I-2, ya matone ya jicho, inavumilia joto kuliko nyingine, inafaa safari. Nyama yako itatoka kwa layers wenyewe wakichoka kutaga, mwaka na miezi kadhaa mbele. Wanauzika.

Mkonge

Dokta, mama mkwe utamwambia wewe?

Jogoo la Shamba

🤣🤣 Dokta kapotea hewani.

Dokta wa Kata

Nipo. Mwambie kuku wake ndio wenye thamani, hatutaki wachafuliwe na wa kisasa.

Chips Mayai

Mkonge, mayai yakianza nicheki inbox, trei mbili kila siku nachukua zote. Lini hiyo?

Trei Thelathini

Akiagiza leo vifaranga vya katikati ya Januari, yai la kwanza ni mwanzoni mwa Juni, na yatakuwa madogo wiki za mwanzo. Mkonge, agiza sasa hivi maana layers wa kweli wana foleni, ulipie kidogo upewe tarehe na risiti. Bruda (sehemu ya joto ya vifaranga) iwake siku moja kabla hawajafika, maranda yapate moto. Mwambie kijana asiangalie kipimajoto peke yake: wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia ukutani wanaona joto, wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala, waache.

Mkonge

Nimelipia 85 asubuhi hii, watano wa akiba. Tarehe 16 Januari. Na nimeshasema nitafungua boksi, muuzaji kakubali.